Rufaa ya adhabu katika mahakama za shirikisho za Marekani: majaji wanapima nini hasa?

Mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, jirani yetu wa miaka mingi, alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane. Mwanawe alikuwa amefungwa miezi 87 na mahakama ya shirikisho nchini Marekani kwa kosa la ulaghai wa fedha. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Mwanangu, hii miezi 87 ni miaka mingapi? Na akikata rufaa, jaji mwingine si atamtazama kwa jicho la huruma?"

Swali la kwanza nililijibu papo hapo: miaka saba na miezi mitatu. La pili lilitula karibu saa nzima kwenye simu, na tangu hapo nimeulizwa lilelile na watu wengi. Kila jina la kwetu linapotajwa katika mahakama za kule, mazungumzo hurudi palepale. Baktash Akasha wa Mombasa, mlanguzi wa dawa za kulevya, alipohukumiwa miaka 25 jijini New York, Agosti 2019, mjadala wa vibarazani ulikuwa huo huo: je, akikata rufaa kesi itaanza upya? Atatumikia nusu tu? Naandika haya kwa sababu familia nyingi hupoteza nafasi ya kumsaidia mtu wao kwa kuelekeza nguvu pasipostahili.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Marekani ina mifumo miwili ya mahakama inayokwenda sambamba. Kila jimbo lina mahakama zake, na juu ya nchi nzima kuna mahakama za shirikisho zinazosikiliza makosa yaliyo chini ya sheria za taifa: dawa za kulevya zinazovuka mipaka, ulaghai wa kibenki, ugaidi na mengineyo. Kesi ya jinai ya shirikisho huanzia katika mojawapo ya mahakama 94 za wilaya. Rufaa huenda kwenye mojawapo ya mahakama 12 za rufaa za kanda, ambazo huitwa mizunguko, na kwa kawaida husikilizwa na majaji watatu. Juu kabisa ni Mahakama ya Juu, ambayo hupokea maelfu ya maombi kwa mwaka na kuyasikiliza machache sana.

Kisha kuna kutiwa hatiani na kuna adhabu. Kutiwa hatiani ni jibu la swali "umefanya?" Adhabu ni jibu la swali "sasa ufanywe nini?" Watu huchanganya mambo haya mawili, wakadhani aliyekubali kosa hana tena la kulalamikia. Zaidi ya washtakiwa tisa kati ya kumi katika mahakama za shirikisho hukubali makosa yao bila kesi kusikilizwa. Kwa watu hao, kinachobaki kugombaniwa ni adhabu.

Miezi 87 ilitoka wapi? Haikutoka kichwani mwa jaji. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha utoaji wa adhabu, kwa kuwa watu wawili wenye kosa moja waliweza kupewa vifungo vilivyoachana kama mbingu na ardhi, kutegemea tu ni jaji yupi aliyewasikiliza. Tume ya Adhabu ikaundwa, na tarehe 1 Novemba 1987 miongozo yake ikaanza kutumika. Kiini cha miongozo hiyo ni jedwali. Ukishuka chini kuna viwango 43 vya uzito wa kosa. Ukienda kando kuna makundi sita ya rekodi ya mtu ya uhalifu wa zamani. Kiwango na kundi vinapokutana, hapo pana idadi ya miezi: kuanzia hapa hadi pale.

Kijana wa Kisauni hakuwa na rekodi yoyote, kwa hiyo alikuwa kundi la kwanza. Afisa wa probesheni aliandaa ripoti kabla ya siku ya adhabu, akajumlisha hasara waliyopata waliotapeliwa, akafika kwenye kiasi kilichovuka dola milioni 1.5. Katika makosa ya ulaghai, hasara ndiyo inayopandisha ngazi. Baada ya kujumlisha na kutoa, akaangukia kiwango cha 27. Kiwango cha 27, kundi la kwanza: miezi 70 hadi 87. Jaji akampa ya juu kabisa.

Sasa tazama palipo na utata. Wakili wake alikuwa amesema mahakamani kwamba baadhi ya miamala katika ripoti imehesabiwa mara mbili: fedha ileile ilitumwa, ikarudishwa, ikatumwa tena. Ukiiondoa, hasara inashuka chini ya mpaka wa milioni 1.5, na kiwango kinashuka ngazi mbili hadi 25. Kiwango cha 25, kundi la kwanza, ni miezi 57 hadi 71. Yaani jaji mkali kabisa, akipewa hesabu hiyo ya pili na akachagua tena ya juu, angefikia 71. Tofauti ni miezi 16, mwaka mmoja na zaidi wa maisha ya mtu, ndani ya mstari mmoja wa hesabu.

Nilipomweleza mama hivyo, alinyamaza, kisha akauliza, "Kumbe ni kama mzani wa bucha?" Sijapata mfano bora kuliko huo, na tangu siku ile ndio ninaoutumia.

Ukitoka buchani na nyama unayohisi umepunjwa, malalamiko yako yanaweza kuwa ya aina mbili. Ya kwanza: mzani wako mbovu. Ya pili: mzani ni sawa, ila bei uliyonitoza haina ubinadamu. Rufaa ya adhabu ina milango hiyo hiyo miwili. Mahakama ya Juu iliieleza waziwazi mwaka 2007 katika kesi ya Gall. Majaji wa rufaa kwanza huangalia utaratibu, ndio mzani: je, jaji alikokotoa miongozo sawasawa? Aliichukulia kama amri wakati si amri? Alipuuza mambo ambayo sheria inamtaka ayazingatie? Alijenga adhabu juu ya habari iliyo wazi kwamba si kweli? Alishindwa kueleza sababu zake? Mzani ukionekana mzima, ndipo wanapogeukia bei: je, kwa mazingira yote ya kesi hii, ukubwa wa adhabu unakubalika kwa akili timamu?

Mkaguzi wa vipimo akija na jiwe la kilo moja, mzani mbovu hauwezi kujificha. Bei ni jambo jingine, kwa sababu mwenye duka ana uhuru wake. Ndivyo ilivyo mahakamani. Mlango wa utaratibu ndio unaofunguka mara nyingi zaidi, na mlango wa uzito wa adhabu ni mzito kuusukuma. Majaji wa rufaa hawaulizi "sisi tungempa miaka mingapi?" Wanauliza kama jaji wa kwanza, aliyemwona mtu yule uso kwa uso na kuwasikiliza waathirika, alitoka nje ya uwanja wa maamuzi ambayo jaji mwenye busara angeweza kuyafikia. Uwanja huo ni mpana. Na tangu kesi ya Rita, pia ya 2007, mahakama ya rufaa inaruhusiwa kuanza na dhana kwamba adhabu iliyo ndani ya miongozo inafaa. Baadhi ya mizunguko hutumia dhana hiyo, mingine imekataa.

Kwa hiyo jibu la swali la mama lilikuwa gumu kulitamka. Hapana, rufaa haitafuti jaji mwenye huruma zaidi. Inatafuta kosa.

Pengine utauliza: kama kuna jedwali, uhuru wa jaji unatoka wapi? Kwa miaka 17 hivi miongozo ilikuwa kama sheria ya lazima. Kisha ikaja kesi ya Freddie Booker, wa Wisconsin. Baraza la raia wanaoamua hatia, juri, lilimtia hatiani kwa gramu 92.5 za kokeini ya mawe. Siku ya adhabu, jaji peke yake akaona kuna ushahidi wa gramu nyingine 566 ambazo juri halikuzitolea uamuzi, akamfunga miaka 30. Kwa kile juri lilichokiona, miongozo ingemfikisha miaka 21 na miezi 10 tu. Januari 2005 Mahakama ya Juu ilisema haiwezekani: jedwali la lazima linalopandishwa na mambo yasiyothibitishwa mbele ya juri linavunja Katiba. Ajabu ni dawa waliyoitoa. Hawakumzuia jaji kutafuta habari za ziada. Waliuondoa ulazima wa jedwali. Tangu siku hiyo jaji anatakiwa kuikokotoa miongozo na kuizingatia, lakini uamuzi wa mwisho unaongozwa na sheria inayotaka adhabu iwe ya kutosha na isizidi kinachohitajika.

Brian Gall aliufaidi uhuru huo. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Iowa aliuza vidonge vya ekstasi kwa muda wa miezi, akaacha mwenyewe, akamaliza masomo, akawa fundi wa ujenzi. Miaka baadaye mkono wa sheria ulimfikia. Miongozo ilisema miezi 30 hadi 37 gerezani. Jaji akampa miezi 36 ya uangalizi nje ya gereza. Serikali ikakata rufaa, kwani upande wa mashtaka nao una haki ya kulalamikia adhabu, na mahakama ya rufaa ikaifuta kwa kuwa imeachana mno na miongozo. Mahakama ya Juu ikairejesha adhabu ileile ya jaji. Kitu kilekile kinachomwumiza mfungwa anayelalamikia adhabu kubwa, yaani heshima kwa uamuzi wa jaji wa kwanza, ndicho kilichomwokoa Gall.

Kuna kesi moja ninayoipenda kwa udogo wake. Inaitwa Rosales-Mireles, ya mwaka 2018, kutoka Texas. Afisa aliyeandaa ripoti alihesabu hukumu moja ya zamani mara mbili. Kosa la kalamu tu, lakini lilimtupa mtu kutoka kundi la tano hadi la sita, na badala ya miezi 70 hadi 87 ikawa 77 hadi 96. Alifungwa miezi 78. Hakuna aliyegundua siku ya adhabu, hata wakili wake. Kosa likaonekana wakati wa rufaa. Sheria inasema lililonyamaziwa mahakama ya chini hurekebishwa tu likiwa kosa la wazi, lenye madhara, na linalochafua uadilifu wa mahakama. Mahakama ya rufaa ilikiri kwamba kosa lipo, ila ikasema halitishi kiasi cha kurekebishwa. Mahakama ya Juu ikakataa, kwa kura saba dhidi ya mbili: mtu hapaswi kukaa gerezani siku zaidi ya zinazostahili kwa sababu ya makosa ya hesabu ya maofisa. Ninaamini hivyo kwa moyo wote, na inanisikitisha kwamba ilibidi jambo hilo lifike hadi juu kabisa ndipo lisemwe.

Hata hivyo, asitokee mtu akaitegemea kesi hiyo kama ruhusa ya kunyamaza. Jambo lililopingwa siku ya adhabu hupewa uzito mkubwa zaidi katika rufaa kuliko lililoibuliwa baadaye. Kwa wanaolalamikia urefu wa adhabu peke yake, Mahakama ya Juu ilirahisisha mwaka 2020: kama wakili aliomba kifungo kifupi na jaji akatoa kirefu, malalamiko yamehifadhiwa kwa ajili ya rufaa. Kwa makosa ya hesabu, maneno lazima yasemwe. Kijana wa Kisauni ana bahati kwamba katika kumbukumbu za mahakama kuna sentensi mbili za wakili wake: "Tunapinga hesabu ya hasara. Miamala hii imerudiwa." Rufaa yake yote imesimama juu ya sentensi hizo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kesi ya Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari, inaonyesha jinsi mlango wa uzito ulivyo mzito. Alishtakiwa New York kwa milipuko ya Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu 224. Novemba 2010 juri lilimwachia kwa mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Januari 2011 akafungwa maisha. Wengi huku walishangaa: moja kati ya mia mbili na themanini na ushee, na bado maisha? Lakini shtaka moja lina uzito wake lenyewe, na sheria ya kosa lile, ikiwa vifo vimetokea, inafika kifungo cha maisha. Katika rufaa alidai, pamoja na mengine, kwamba adhabu ilikosewa kiutaratibu na kwa uzito. Oktoba 2013 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili ilikataa hoja zote mbili.

Swali la mtu kuadhibiwa kwa kutazama hata yale aliyoachiwa na juri limesumbua mahakama za kule kwa miongo. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliruhusu jaji ayazingatie, ikiwa anaona yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Kuanzia Novemba 2024 Tume ya Adhabu imebadili miongozo: mwenendo ambao mtu aliachiwa na mahakama ya shirikisho hauingizwi tena kwenye ukokotoaji, isipokuwa unapogusa pia kosa alilotiwa hatiani. Hatua nzuri, iliyochelewa.

Pako mahali ambapo rufaa hugonga ukuta kabisa: kiwango cha chini cha adhabu kilichowekwa na Bunge. Hapo kwa kawaida jaji hana uhuru wa kushuka, na majaji wa rufaa hawana cha kurekebisha. Weldon Angelos wa Utah aliuza bangi mara chache kwa mtoa habari wa polisi, huku ikidaiwa ana bastola. Sheria ya silaha ilipandisha adhabu juu ya adhabu, na mwaka 2004 Jaji Paul Cassell akalazimika kumfunga miaka 55, huku akiandika kwamba adhabu hiyo ni dhuluma na ukatili. Ilithibitishwa katika rufaa. Fikiria: jaji anayetoa adhabu anasema si ya haki, na bado inasimama. Angelos alitoka mwaka 2016 kwa njia nyingine, na sheria ile ya kurundika miaka kwa mkosaji wa mara ya kwanza ikarekebishwa mwaka 2018. Ninapoulizwa kama rufaa inaleta haki, kesi hiyo ndiyo inayonizuia kusema ndiyo kwa wepesi.

Turudi kwa dhana za vibarazani. Kesi haianzi upya: hakuna mashahidi wapya, hakuna mtu kupanda kizimbani. Majaji husoma kumbukumbu za mahakama ya chini na hoja za maandishi. Mara nyingi hata mawakili hawaitwi kuzungumza. Mfungwa, isipokuwa kwa nadra, hungoja akiwa gerezani.

Kutumikia nusu pia hakupo. Parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, ilifutwa katika mfumo wa shirikisho kwa makosa yaliyotendwa baada ya kuanza kwa miongozo ya 1987. Mwenye tabia njema hupunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo alichopewa. Kwa miezi 87 hiyo ni karibu miezi 13. Sheria ya 2018 imeongeza nafasi kwa wanaohudhuria mafunzo, lakini si kila mfungwa anafuzu.

Wengine huogopa kwamba rufaa itawaongezea kifungo. Hofu hii ina mizizi nyumbani. Kenya, kwa mfano, Mahakama Kuu inaposikiliza rufaa ina uwezo wa kuongeza adhabu. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, tangu kesi ya Greenlaw ya 2008, majaji wa rufaa hawawezi kuongeza adhabu wenyewe ikiwa serikali haikukata rufaa yake.

Na kuna karatasi ya makubaliano. Anayekubali kosa mara nyingi husaini kwamba hatakata rufaa. Saini hiyo ina nguvu, ila isomwe neno kwa neno. Ya kijana wetu ilisema hatakata rufaa ikiwa adhabu itakuwa miezi 71 au chini. Alipewa 87. Mlango ukabaki wazi. Hata pale saini inapoonekana kufunga kila kitu, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2019 kwamba mteja akimwambia wakili wake wazi awasilishe taarifa ya rufaa, wakili hana ruhusa ya kukataa.

Taarifa hiyo ni karatasi fupi tu, lakini ina siku 14 tangu hukumu iingizwe kwenye daftari la mahakama. Kumi na nne, zikihesabiwa na Jumapili. Mahakama inaweza kuongeza hadi siku 30 kwa sababu ya msingi, lakini nani atake kuanza safari kwa kuomba radhi? Asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali, katika rufaa pia. Ndiyo maana, kabla ya jambo lolote, nilimwuliza mama: hukumu iliandikwa lini? Hakujua. Tulihesabu kwa ujumbe wa kwanza aliotumiwa na mwanawe. Ilikuwa siku ya tisa. Kesho yake kijana alimpigia wakili kutoka gerezani, na siku ya kumi na moja karatasi ikaingia.

Ikikubalika kwamba mzani ulikosewa, kwa kawaida majaji hawaandiki adhabu mpya wenyewe. Huifuta ile ya kwanza na kuirudisha kesi kwa mahakama ya chini, mara nyingi kwa jaji yuleyule, ahesabu tena. Anaweza kushuka, na anaweza kubaki karibu na alipokuwa kwa sababu mpya. Lakini siku hiyo mtu hasimami akiwa yuleyule wa mwanzo. Tangu kesi ya Pepper ya 2011, jaji anayetoa adhabu upya baada ya rufaa anaruhusiwa kutazama yale mtu aliyoyafanya tangu afungwe.

Mama ameshalishika hilo. Majibu ya rufaa hayajatoka. Katika kabati la vyombo pale Kisauni, nyuma ya vikombe vya wageni, ana bahasha ya kaki: cheti cha useremala, barua ya mwalimu wa hesabu wa gerezani, na barua ya imamu anayewatembelea Ijumaa. Kila mwanawe akipiga simu humwuliza kwanza kama amekula, kisha kama kuna cheti kingine.